Rundo langu la vitabu: vilivyonishika, vilivyonichosha, na kimoja kinachonitesa mpaka leo

Basi jamani nimemaliza lile rundo, au niseme nimelimaliza karibu lote maana kuna kimoja bado tunavutana nacho na ntakisema mwishoni. Nilijiwekea sheria moja tu, kusoma kwa zamu, riwaya moja kisha kitabu cha mambo ya kweli kimoja, riwaya tena, cha kweli tena, hivo hivo mpaka rundo liishe. Sababu ni kwamba najijua, nikiachiwa nasoma riwaya tupu mfululizo alafu naanza kuwawaza watu ambao hata hawapo, na nikishika vya kweli tupu baada ya vitatu tu naanza kuongea kama mhadhiri, nyumbani kila mtu anakumbuka ana shughuli chumba kingine.

Sasa hiyo sheria imenifundisha kitu ambacho sikukitegemea. Nilidhani ntakuja hapa kuwaambia riwaya ni bora au vya kweli ni bora, kumbe hilo swali halina maana. Kitabu kinanishika kama mwandishi anaijua KAZI. Namaanisha kazi ya mikono, mtu anashika nini, anaanzia wapi, kinamponyoka vipi, anarudia vipi. Mwandishi akijua hilo hata kama mtu mwenyewe kambuni namwamini, na asipojua hata kama kila sentensi yake ni kweli tupu mi nasinzia. Ndo kipimo changu na ndo ntatumia humu, kama wewe unapima kwa mapenzi au kwa vita au kwa mafunzo ya maisha tutapishana, hakuna ugomvi.

Nianze na viwili ambavyo nilivisoma kimoja nyuma ya kingine kwa bahati tu, wala sikupanga. Cha kwanza ni Shujaa Okonkwo, hii ni ile Things Fall Apart ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, tafsiri ya Kiswahili ya Clement Ndulute ilitoka 1973. Wengi wanaikumbuka kwa ajili ya wamisionari na ukoloni na mijadala ya darasani, sawa, lakini mi safari hii nilikwama mapema kabisa, pale Okonkwo bado kijana hana kitu, baba yake hana cha kumpa ila madeni na aibu, anaenda kwa tajiri Nwakibie kuomba mbegu za viazi vikuu. Anapewa 800. Anakopa na nyingine 400 kwa rafiki wa baba yake. Na makubaliano ya mbegu za kuomba ni kwamba anabaki na theluthi moja tu ya mavuno! Alafu mwaka huohuo mvua inachelewa, ikija inakuja kidogo inakata, jua linachoma mbegu alizokwishapanda, anajaribu kuzikinga kwa kuzizungushia majani ya katani ardhini, majani yenyewe yanakauka, baadaye mvua inarudi kwa hasira inasomba matuta. Ukisoma hizo kurasa ndo unamwelewa jamaa. Ule ukali wake wote unaokuja kuwaumiza watu wa nyumbani mwake, na wewe unatamani kumkamata mkono umwambie bwana wee punguza, mbegu yake iko pale kwenye lile shamba lililoungua. Achebe hasemi hivo, anakuonesha shamba tu anakuacha.

Nikafunga hicho nikachukua cha zamu ya kweli, The Boy Who Harnessed the Wind cha William Kamkwamba wa Malawi aliyeandika pamoja na Bryan Mealer, kilitoka 2009. Na hiki nacho kinafika kwenye ukame! Njaa ya Malawi ya 2001 kwenda 2002. William ana miaka 14, ada ya sekondari hakuna, anarudi nyumbani, na ili asisahau masomo anaanza kwenda maktaba ndogo ya shule ya msingi, anakutana na kitabu cha mambo ya nishati chenye picha za vinu vya upepo. Kiingereza hakipandi vizuri kwa hiyo anasoma kwa kuangalia michoro alafu anatafuta maneno yaliyoandikwa chini ya mchoro.

Watu wengi wanaosifia hiki kitabu wanasifia ule ujumbe wa kijana asiyekata tamaa. Mi ujumbe nimeupita tu, mi nilichokaa nacho ni jalalani. Jamaa anakwenda kuokota vyuma chakavu karibu na shule ambayo amefukuziwa ada, wenzake wanamcheka kupitia uzio, anaitwa kichaa. Anapata feni ya trekta, anapata shokapu, anapata fremu ya baiskeli, bomba la plastiki analipasua kwa msumeno analipasha moto mpaka linalainika analitandaza liwe mapanga. Hana drili, anachoma msumari kwenye moto ameuchomeka kwenye gunzi la muhindi ili asiungue mkono ndo anatobolea. Washa (vile vipete vya kukazia bolti) hana, anaponda vizibo vya chupa. Dainamo ya baiskeli ndo inazaa umeme. Nilivyofika pale balbu inawaka na umati umesimama chini unamwangalia juu ya mnara wake wa magogo nilisimama na mimi, peke yangu, na kitabu mkononi, sioni haya kusema.

Lakini nikuonye, kabla ya hapo kuna sura ya njaa yenyewe na kuna mbwa. Anaitwa Khamba. Sisemi zaidi, ila kama una mbwa nyumbani hiyo sura isome mchana.

Kasoro zake? Zipo. Mwanzo unazunguka sana na stori za uchawi na za utotoni, ni tamu lakini ukiwa umeambiwa kuna kinu utasubiri kinu mpaka uchoke. Na mwisho ule wa mikutano na ndege na kupigiwa makofi (alipanda jukwaani Arusha 2007 kwenye mkutano wa TED) unakwenda mbio, kama mtu anayekusanya vyombo wageni bado wanakula. Ile filamu ya 2019 nzuri, ila kutoboa kwa gunzi hakuwezi kukaa kwenye filamu kama kunavyokaa kwenye kitabu.

Sasa hiki kinachofuata ndo bora kuliko vyote kwenye rundo na ntakisema kwa urefu mtanisamehe. The Immortal Life of Henrietta Lacks cha Rebecca Skloot, 2010. Henrietta alikuwa mama wa watoto watano, Mmarekani mweusi, alizaliwa 1920, akafa kwa saratani ya shingo ya kizazi Oktoba 1951 ana miaka 31 kwenye hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore. Wakati wa matibabu walichukua kipande kidogo cha uvimbe wake bila kumuuliza yeye wala mumewe, kikapelekwa maabara, na huko kikafanya kitu ambacho chembe za binadamu zilikuwa hazijawahi kufanya, kikakataa kufa. Chembe zinajizidisha, kesho maradufu, keshokutwa maradufu tena. Wakaziita HeLa kwa herufi za mwanzo za majina yake. Zikatumika kupima chanjo ya polio, zikapelekwa anga za juu, zikauzwa, zikatumwa duniani kote, na huku nyumbani kwake hakuna aliyejua lolote kwa zaidi ya miaka 20, na baadhi ya watoto wake walikuwa hawana hata bima ya afya. Kwa miaka mingi hata jina lilikuwa linaandikwa sivyo, eti Helen Lane.

Ungeniambia kuna kitabu kizima kuhusu chembe kwenye vichupa ningekukimbia. Ila huyu dada anaijua kazi ya maabara na anakuingiza ndani. Unaona jinsi bosi wa ile maabara, George Gey, alivyokuwa anahangaika kutengeneza chakula cha kulishia chembe, damu ya kuku imo kwenye mchanganyiko, vichupa vinazungushwa kwenye pipa taratibu usiku na mchana. Unamwona msaidizi wake Mary anakata kale kanyama vipande vidogo kama vichwa vya pini na anafanya bila hamu kwa sababu vyote alivyowahi kupanda vilikufa, anajua na hiki kitakufa tu.

Alafu inakuja ile sehemu. Henrietta amefariki, Mary anatumwa kwenye chumba cha maiti akasaidie kuchukua sampuli zaidi, hajawahi kuona maiti, anakwepa kumtazama usoni, macho yanateremka mpaka miguuni. Anaona kucha zimepakwa rangi nyekundu na rangi imeanza kubanduka. Na hapo ndo anashtuka kwamba zile chembe ambazo wamekuwa wakizihangaikia miezi yote hiyo zilitoka kwa mtu, mwanamke aliyekaa mahali akajipaka kucha zake. Mi nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Kucha tu! Kurasa 300 na ushee za sayansi na sheria na ubaguzi lakini mtu akikuuliza kitabu kinahusu nini unaweza kumwambia kucha ukawa hujakosea.

Na nusu nyingine ya kitabu ni Deborah, binti yake Henrietta, ambaye alikuwa mdogo mno kumkumbuka mama, anataka tu kujua mama alinukiaje, alipenda kucheza dansi? Skloot alihangaika na hii familia kama miaka kumi na mwanzoni walikuwa hawataki hata kumsikia, na haki yao, kila aliyekuja kabla yake alikuja kuchukua. Deborah alifariki 2009, mwaka mmoja kabla kitabu hakijatoka, hakukiona. Kuna watu wanalalamika kwamba mwandishi anajiweka sana ndani ya stori, gari lake, simu zake, safari zake. Mi mwanzoni nililalamika pia, nikaja kubadili mawazo, kwa sababu angejificha tungedhani hizo habari zilidondoka zenyewe kutoka mbinguni, na kumbe kuzipata ilikuwa shughuli ya kubembeleza miaka na miaka. Ila kweli sura za katikati za kesi na sheria za umiliki wa tishu zinachosha, ruka kama umezidiwa, utarudi.

Haya tupumue. Baada ya hicho nilitaka kitu chepesi nikachukua And Then There Were None ya Agatha Christie, 1939. Watu kumi, karibu wote hawajuani, wanaitwa kwenye nyumba ya kisiwani, mwenyeji hayupo, baada ya kula usiku inawekwa santuri na sauti inawataja mmoja mmoja na kumtuhumu kila mtu mauaji yake. Alafu wanaanza kupungua. Na visanamu vilivyo mezani navyo vinapungua. Huhitaji kujua zaidi.

Na hapa ndo nikapata mkasa wangu. Kopi niliyonunua, mtumba, na aliyeniuzia simtaji, ilikuwa inakosa kurasa za mwisho. Za MWISHO. Kitabu cha nani-kaua! Nimekesha, nafika pale wapelelezi wamechoka wanakuna vichwa hawaelewi imekuwaje, nafunua, kava la nyuma. Nilidhani ni usanii, eti mwandishi kaacha hivo makusudi, nikakaa siku mbili nzima nawasifia watu kwamba huyu mama ana ujasiri, hamalizii! Mpaka rafiki yangu mmoja akaniuliza kwa upole, "we, ulisoma ile barua?" Barua gani? Basi nikaazima kopi yake nikasoma nimesimama. Funzo pekee ninalowapa kwenye hili andiko lote: mtumba angalia peji ya mwisho kabla hujatoa hela.

Na kipimo changu cha kazi anafaulu, mnajua kwa nini? Christie alifanya kazi kwenye duka la dawa la hospitali wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Sumu alikuwa anazijua kwa kuzipima kwa mkono wake. Ndo maana kwenye vitabu vyake mtu hafi tu "kwa sumu", anakufa kwa sumu fulani, kwa kiasi fulani, kwenye kinywaji fulani, na wewe msomaji unaanza kuiangalia glasi yako. Wahusika wenyewe ni wembamba kama karatasi, hilo nakiri, kesho hutakumbuka majina, lakini mashine inazunguka bila kukwama hata mara moja.

Sasa tuje kwa wazee wa "kitabu kimoja kitakachobadilisha maisha yako". Thinking, Fast and Slow cha Daniel Kahneman, 2011. Huyu alikuwa mwanasaikolojia aliyepewa Nobel ya uchumi 2002, na kitabu kinasema akili ina mienendo miwili, mmoja wa haraka unaoropoka na mwingine wa polepole ambao ni mvivu, unakubali tu alichosema mwenzake. Jaribu hili fumbo lake: gongo na mpira kwa pamoja ni senti 110, gongo limezidi mpira kwa senti 100, mpira ni senti ngapi? Ulivyosema 10 na mimi nilisema 10. Ni 5. Piga hesabu taratibu. Mi nilikataa nikaandika kwenye karatasi, nikamwita mtu mwingine naye akasema 10, nikapata faraja.

Theluthi ya kwanza ya kitabu iko hivyo, unapigwa chenga kila peji unacheka mwenyewe, hapo anajua kazi yake kabisa maana anakufanyia jaribio palepale ulipokaa. Baadaye kinakuwa kizito, grafu, kamari za kufikirika, ungechagua hiki kwa hakika au kile kwa asilimia kadhaa, mi katikati nilikuwa nasoma peji tatu kwa siku kama dawa. Na kuna jambo lazima mlijue kabla hamjaanza kunukuu mbele za watu: ile sura ya nne, ya namna maneno unayoyasoma yanavyokusukuma kimyakimya kufanya mambo bila kujua, tafiti nyingi za aina hiyo zilirudiwa na wengine hazikutoa majibu yaleyale, na Kahneman mwenyewe 2017 alikiri kwamba aliziamini kupita kiasi. Nampa maksi kwa kukiri, ni wangapi wenye Nobel wanarudi kusema hapa niliteleza? Mtu ameandika kitabu kizima cha jinsi binadamu anavyojiamini bila sababu, alafu naye akanasa mtego uleule. Ila nakala nyingi bado zinauzwa na sura iko vilevile, kwa hiyo hiyo isomeni kwa mkono mmoja.

Sapiens cha Yuval Noah Harari, historia ya binadamu wote, nacho nimesoma, kilitoka kwa Kiebrania 2011 na kwa Kiingereza 2014, kila mtu anacho, kinapendwa, kinasomeka kama maji. Sikukipenda sana. Anasema kilimo kilikuwa utapeli mkubwa kuliko wote kwenye historia, kwamba ngano ndo ilitufuga sisi na sio sisi tulioifuga ngano. Sentensi tamu, unaitoa sehemu mtu anasema duh. Lakini kwenye hizo kurasa zote hakuna mkulima hata mmoja mwenye jina anayeamka asubuhi, yeye anaangalia kutoka juu kabisa, kwenye ndege. Baada ya Okonkwo na mbegu zake 1200 za kukopa mi nilishaambiwa hayo yote kuhusu kilimo, na niliambiwa na mtu aliyekuwa shambani. Basi, msinipige, najua mna mashabiki wake humu.

Tofauti yake ni The Old Man and the Sea ya Hemingway, 1952, kajitabu kadogo unamaliza mchana mmoja. Mzee Santiago, siku 84 hajapata samaki, ya 85 anakwenda mbali kuliko wote ananasa samaki mrefu kuliko mtumbwi wake. Na hapo hakuna kingine, mzee, mshipi, samaki, bahari. Mkono wa kushoto unakaza kwa kiharusi cha misuli anaugombeza kama mtoto mtukutu. Anakula samaki mbichi ili apate nguvu, anajutia kutobeba chumvi wala ndimu. Mshipi umepita mgongoni, unamkata viganja, anahesabu amebakiza kamba kiasi gani. Mi sijawahi kuvua hata dagaa lakini nilikuwa najinyoosha mgongo nikisoma. Watu wanasema ina maana kubwa za kidini na za maisha, inawezekana, mi nilikuwa bize na mshipi.

Kwenye maisha ya watu maarufu nilikuwa na viwili vya Afrika Kusini. Long Walk to Freedom cha Mandela, 1994, ni tofali, zaidi ya kurasa 600, na sehemu za mikutano ya chama na nani alikuwa upande gani zinahitaji subira ya mzee. Lakini sehemu ya kifungoni Robben Island isome polepole. Hata hicho kitabu chenyewe kilianzia huko, aliandika usiku kwa siri katikati ya miaka ya 70, karatasi zikafukiwa uani ndani ya makopo ya kakao, wafungwa wenzake wakatorosha nakala nje, alafu ukaja kujengwa ukuta palepale na nyingine zikagundulika. Adhabu: miaka minne hakuna ruhusa ya kusoma masomo. Na ukitaka kazi ya mikono subiri bustani yake, kuna mche mmoja wa nyanya aliulea mpaka akamwandikia mkewe Winnie barua kuhusu huo mche, ulivyostawi na ulivyokuja kufa. Barua ya mche wa nyanya kutoka kwa mtu aliyefungwa maisha, na anaeleza mwenyewe alikuwa anasema nini kwa kupitia nyanya.

Cha pili Born a Crime cha Trevor Noah, 2016, hiki kisikilizeni kwa sauti kama mnaweza maana kasoma mwenyewe na lugha zinabadilika mdomoni mwake, Kixhosa, Kizulu, Kiafrikaans, ukisoma kwa macho unakosa nusu ya utamu. Kinaanza mama yake anamsukuma nje ya basi dogo linalotembea, na unacheka, alafu baadaye hucheki tena. Mhusika mkuu ni mama, yeye Trevor anashika kipaza sauti tu.

Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967 ya ile Animal Farm ya Orwell, niliisoma tena kwa kupumzika tu. Kila mtu anaijua. Nasema kimoja tu: usiku mmoja wanyama wanasikia kishindo, wanakuta nguruwe kaanguka chini ya ukuta wenye amri saba, ngazi imevunjika, pembeni kopo la rangi nyeupe na brashi. Na hawaelewi! Isipokuwa punda. Hapo ndo ujue kuna watu wanasoma kitabu kizima na kopo la rangi hawalioni.

Riwaya iliyonikalia moyoni kuliko zote kwenye rundo ni Peponi. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Hebu fikiria, mtu lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, anaandika Kiingereza, na sisi tunasubiri karibu miaka 30 kitabu kirudi nyumbani. Kijana Yusuf ana miaka 12, anamjua tajiri Aziz kama mjomba anayekuja na kumpa sarafu kila akiondoka, siku moja anaambiwa anasafiri naye. Hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anayekuja kumfungua macho ni Khalil, kijana mwenzake wa dukani ambaye naye ni rehani, anamwambia yule si mjomba wako, muite Seyyid, yaani bwana. Mi nilikuwa nimesoma Kiingereza zamani, na zile rehani na mnyapara na seyyid mle zilikuwa zimekaa kama wageni sebuleni, kwenye Peponi zimevua viatu. Kazi humu ni duka na msafara, namna ya kuuza kwa tabasamu huku mteja anakutukana kwa utani, namna mizigo inavyofungwa na hongo inavyolipwa kwa machifu njiani, namna mfanyabiashara mpole asiyepaza sauti anavyoweza kumiliki watu. Aziz hapigi mtu, hafoki, ananukia vizuri. Nilimwogopa kuliko muuaji wa kisiwani. Mwisho wake umewagawa wasomaji, kuna waliokasirika, mi nilikasirika siku ya kwanza, siku ya pili nikaona hakuna mahali pengine mtoto yule angekimbilia.

Sasa kile kinachonitesa. One Hundred Years of Solitude ya Gabriel García Márquez, 1967. Nimeanza mara mbili nikakiacha. Kosa si la uandishi, ni majina! Baba José Arcadio, mtoto José Arcadio, mjukuu Arcadio, kuna Aureliano, alafu huyo Aureliano anazaa watoto 17 na mama tofauti na wote 17 wanaitwa Aureliano. Kuna mchoro wa ukoo mwanzoni, mi kidole changu kilikuwa kinaishi pale. Na huwezi kukitupa kwa sababu kila ukitaka kukitupa anakuwekea kitu kama yule Aureliano mwenye watoto 17, ambaye ni Kanali, ameshapigana vita vyote ameshindwa vyote, anajifungia karakana kutengeneza visamaki vya dhahabu, magamba, macho, moja moja, vikifika 25 anaviyeyusha anaanza upya. Na kuna ile sura mji mzima unapata ugonjwa wa kukosa usingizi ambao unaleta usahaulifu, wanaanza kubandika majina kwenye vitu, meza, kiti, ukuta, mpaka wanamvalisha ng'ombe kibao kinachoeleza huyu ni ng'ombe na lazima akamuliwe kila asubuhi.

Kwa hiyo hii mara ya tatu nimefanya kama wao. Nimekata vikaratasi nimebandika pembeni ya kurasa: huyu ni José Arcadio yule mkubwa mwenye nguvu, aliyekimbia na watu wa maonesho. Huyu ni Aureliano yule wa visamaki. Huyu sijui, ulizia mbele. Niko peji ya 140 na ni mbali kuliko nilivyowahi kufika, kitabu kimenenepa kwa vikaratasi hakifungi tena, na rafiki yangu yule wa barua ameshaomba akisome baada yangu, na vikaratasi vyake visiguswe.